Msiseme ni meno ya maziwa: Kuoza kwa meno kunavyowanyima raha watoto wetu

 Leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu mkashangaa kulikuta katika ukurasa huu, nalo ni meno ya watoto wetu wadogo, wale ambao hata darasa la kwanza hawajalifikia.

Kilichotusukuma ni kisa cha binti mmoja wa miaka mitano anayesoma katika madrasa moja ya jijini Dar es Salaam, upande wa Temeke. Wazazi wake wameturuhusu kukieleza kwa sharti kwamba tusitaje majina. Binti huyu alikuwa miongoni mwa watoto wenye sauti za juu kabisa pale wanafunzi wanapoitikia kwa pamoja sura fupi fupi za Juzuu Amma, na ustadhi wake anasema alikuwa akimtegemea awavute wenzake. Kisha, taratibu, sauti ile ikapotea. Akawa anakaa nyuma, shavu kiganjani, na akiitwa asome peke yake huanza kulia. Ustadhi akadhani ni uvivu, akamtishia fimbo. Nyumbani nako mama yake akalalamika kuwa mtoto amezidi kudeka: nyama hataki, mahindi ya kuchoma aliyokuwa akiyapenda hataki, mkate lazima uchovywe kwenye chai mpaka ulainike. Usiku aliamka mara mbili, mara tatu, akilia bila kusema kinachomsibu. Bibi yake akahofia kijicho, akaagiza mtoto asomewe.

Aliyegundua ni yule yule ustadhi. Siku moja alimwambia afungue kinywa ili amwelekeze mahali inapotokea herufi ya thaa, ambapo ncha ya ulimi hukutana na ncha za meno ya mbele ya juu. Akaona kwamba meno hayo hayapo. Yalikuwa yamebaki vipande vinne vyeusi, na nyuma, katika taya la chini, gego moja lilikuwa na shimo la kutosha kuficha punje ya mtama. Ustadhi anakiri kuwa aliona haya, akaiweka fimbo chini, na baada ya Swala ya Alasiri akaenda mwenyewe kwa baba wa mtoto.

Kituo cha kwanza walichokwenda walipewa dawa ya kutuliza maumivu na kuambiwa warudi nyumbani, kwani hayo ni meno ya maziwa tu, yatang'oka yenyewe. Hatutaki kumlaumu sana aliyewaambia hivyo. Maneno hayo tumeyasema sisi sote, barazani na jikoni, na wengi wetu tuliambiwa hivyo hivyo tulipokuwa wadogo. Lakini hebu tuyapime.

Mtoto huota jino la kwanza akiwa na umri wa miezi sita hivi, na afikapo miaka miwili na nusu au mitatu huwa ametimiza meno 20 ya utoto. Ni kweli kwamba yote yatang'oka. Swali ni lini. Ya mbele huanza kulegea mtoto anapokuwa na miaka sita au saba, ama magego ya utoto hubaki kinywani hadi miaka 10, 11, hata 12. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu aliyetoboka gego, tunapomwambia asubiri ling'oke lenyewe, tunamwambia asubiri miaka saba au zaidi. Nani kati yetu watu wazima angekubali kuugua jino kwa miaka saba? Jino likituuma siku mbili tu, nyumba nzima hujua.

Aidha, chini ya kila jino la utoto liko jino la ukubwani linalojengwa ndani ya taya. Usaha ukikaa kwenye mzizi wa jino la juu unaweza kuliharibu lile la chini kabla halijachomoza, likaja na madoa au likiwa na gamba dhaifu. Na gego la utoto ling'olewapo mapema mno, majirani zake husogea kuliziba pengo, hivyo jino la ukubwani linapofika hukuta nafasi yake imekwisha kuchukuliwa. Meno mengi yaliyopandana tunayoyaona kwa vijana yana asili hiyo.

Liko na kosa jingine ambalo hata wazazi waangalifu hulifanya. Mtoto afikapo miaka sita hivi, huota gego nyuma kabisa ya meno yake yote ya utoto, huku na huku, juu na chini. Halikung'oka jino lolote kulipisha, kwa hiyo mzazi hulihesabu kuwa ni katika yale yale ya maziwa. La hasha. Hilo ni jino la ukubwani, la kudumu, na halina badala. Likioza akiwa na miaka minane na likang'olewa, amelipoteza kwa maisha yake yote.

Sasa tuangalie jino linavyooza. Kinywani mwa kila mtu wamo bakteria. Mtoto anapokula au kunywa kitu chenye sukari, bakteria hao huila ile sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hulainisha gamba gumu la nje la jino. Mate, kwa hekima ya Muumba, huisafisha tindikali na kulirudishia jino madini yaliyopotea, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi. Hapa ndipo penye siri ambayo tungependa kila mama na kila baba aifahamu: linaloozesha si wingi wa sukari tu, bali ni mara ngapi kwa siku inaingia kinywani. Mtoto aliyekula kashata moja mara baada ya chakula cha mchana ana nafuu kuliko yule anayezunguka uani tangu asubuhi na chupa ya juisi, akinyonya kidogo kidogo. Huyu wa pili meno yake hayapati hata saa moja ya kupumzika.

Tukizitazama nyumba zetu kwa macho hayo tutaona mengi. Chai ya sukari na andazi asubuhi. Uji uliotiwa sukari saa nne. Ubuyu wa rangi kutoka dukani, kisha lambalamba, kisha biskuti aliyopewa na mgeni. Mtoto akiharisha au akichoka kwa jua, hukorogewa glukosi. Akikohoa, hupewa dawa ya maji yenye utamu wakati wa kulala, na hakuna anayekumbuka kumsukutua. Katika mwezi wa Ramadhani, watoto wasiofunga hula mchana kama kawaida yao, na usiku wakajumuika nasi kwenye futari, tambi, kaimati na sharubati, wakalala hapo hapo mkekani kabla hatujarudi kutoka Tarawehe. Idd ikifika, kila mkono unaompa mtoto unampa pipi au senti za kununulia pipi. Hatusemi furaha ya Idd iondolewe. Tunasema mtoto anaweza kupewa vitamu vyake kwa mkupuo mmoja baada ya chakula, si kila baada ya dakika kumi kutwa nzima.

Linalodhuru kuliko yote ni chupa ya usiku. Mtoto akilala na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, au chai, au juisi mdomoni, kinywaji hicho hutuama kuzunguka meno ya mbele ya juu. Mate hupungua sana wakati wa usingizi, basi hakuna wa kuyaosha. Meno ya mbele ya chini husalimika mara nyingi kwa kuwa ulimi huyafunika. Ndiyo sababu binti yule wa Temeke yalioza yale ya juu, na kwa mujibu wa mama yake, alilala na chupa hadi alipotimiza miaka mitatu.

Baadhi ya akina mama wametuuliza: na ziwa la mama je? Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na Shirika la Afya Duniani nalo linahimiza kunyonyesha kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Basi asije mtu akamwachisha mtoto ziwa kwa ajili ya makala hii. Linalotakiwa ni kwamba meno yakishaota, na hasa baada ya mwaka wa kwanza ambapo mtoto hula na vyakula vingine vyenye sukari, asiachwe na ziwa mdomoni usiku kucha, na meno yake yasafishwe kabla ya kulala ili maziwa yasikutane na mabaki ya biskuti na uji.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Ni idadi kubwa mno, lakini idadi hailii usiku. Wataalamu wa meno kwa miaka mingi walihesabu mashimo tu. Siku hizi huuliza pia jinsi shimo lile linavyomfanya mtoto aishi. Huwauliza wazazi: je, mtoto hupata shida ya kula, kunywa vya moto na vya baridi, kutamka maneno? Hukosa usingizi? Huwa na hasira? Huona haya kucheka? Na ninyi wazazi, mmekosa usingizi, mmekosa kazi, mmejilaumu? Maswali ya namna hii yamewahi kuulizwa kwa Kiswahili kwa wanafunzi wa shule za msingi za Kinondoni, na mwaka 2012 ukachapishwa utafiti wa watoto wa miezi 6 hadi 36 wa Manyara na wa Kampala, Uganda, ambamo mama zao ndio walioulizwa.

Kuulizwa kwa mama kuna sababu. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hajui kusema "jino linaniuma". Maumivu yalimkuta bado hana maneno, na pengine hakumbuki siku ambayo hayakuwapo. Yeye anajua tu kwamba kula ni taabu. Basi huonyesha kwa vitendo: hutafuna upande mmoja, huweka tonge shavuni muda mrefu, hukataa nyama na kupenda vyakula laini, ambavyo kwa bahati mbaya mara nyingi ndivyo vyenye sukari. Huamka usiku, kwani jino huuma zaidi mtu akilala. Asubuhi huwa amechoka, na aliyechoka hakai na herufi wala na hesabu. Sisi tunaomtazama tunamwita mkaidi, mchaguzi wa chakula, mvivu. Wenzake humwita kibogoyo, naye hujifunza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

Nyumba nayo huumwa. Mama hakeshi peke yake, bali hukesha na wote wanaolala chumba kile. Baba hukosa siku ya kibarua kumpeleka hospitali, nauli hutoka kwenye fedha ya mboga, na safari ya kwanza ikiishia kwenye vidonge vya maumivu, ya pili huwa na gharama kubwa kuliko ya kwanza. Zipo hali mbaya zaidi. Mtoto mwenye jino bovu akivimba shavu hadi jicho likafumba, akapata homa, akashindwa kumeza au kufungua kinywa, hiyo si shughuli ya kusubiri asubuhi. Usaha unaweza kuteremka shingoni na kuziba njia ya hewa. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Sisi Waislamu tuna hoja ya ziada katika jambo hili. Ni mashuhuri hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim inayotufahamisha kwamba Mtume (S.A.W.) hakuzuiliwa kuuwajibisha mswaki kwa kila Swala isipokuwa na huruma yake kwa umma wake. Na mama yetu Aisha (r.a.) alipoulizwa ni jambo gani alilolianza Mtume akiingia nyumbani, alijibu kuwa ni mswaki. Tuizingatie hiyo ya pili. Nyumbani ndipo walipo watoto. Mtoto anayemwona baba yake akiingia na kushika mswaki haitaji hotuba ndefu. Wengi wetu tunao mswaki wa mti mfukoni, tukauzungusha kinywani mlangoni mwa msikiti, na nyumbani mtoto wa miaka minne hajawahi kushikwa kidevu akasafishwa meno hata mara moja.

Ama kama mswaki wa mti unamtosha mtoto mdogo, jibu letu ni kwamba ni Sunna njema kwa anayejua kuutumia, lakini kijiti hakifiki kirahisi nyuma ya magego ya mtoto, na hakina floraidi ya kutosha kuliimarisha gamba la jino. Hakuna ugomvi baina ya viwili hivi. Mtoto asafishwe kwa mswaki mdogo wa brashi na dawa ya meno, na mswaki wa mti azoeshwe kadiri anavyokua. Vilevile wale wanaofanya tahniki, kumpaka mtoto mchanga tende kwenye kaakaa, wasiwe na wasiwasi, kwani mtoto huyo hana jino bado. Tunachoshauri ni kwamba anayeitafuna tende hiyo awe na kinywa safi, kwa sababu bakteria wa kuozesha meno humfikia mtoto kutoka kwenye mate ya watu wazima, kwa kijiko kimoja na kwa chakula kilichotafunwa.

Kabla ya kuja kwenye matibabu, neno moja kwa ukali kidogo. Bado wapo katika jamii zetu wanaoamini kuwa mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ana "meno ya plastiki", na humpeleka kwa mtu amkwangue fizi kwa kisu, sindano au kipande cha chuma. Kinachotolewa pale ni chipukizi la chonge lenyewe, jeupe na laini kwa kuwa halijakomaa. Mtoto hutoka damu, hupata maambukizi, na ugonjwa uliomleta unabaki bila kutibiwa. Wapo waliopoteza maisha. Hili halina asili katika dini wala katika tiba, na anayelifanya anamdhuru mtoto asiyeweza kujitetea.

Turejee kwenye lililo jema. Meno ya mtoto huanza kusafishwa siku jino la kwanza linapochomoza, mara mbili kwa siku, na ile ya usiku isikoseke. Dawa ya meno iwe yenye floraidi, isiyopungua kiwango cha 1000 kinachoandikwa kwenye pakiti. Kwa aliye chini ya miaka mitatu, ipakwe kiasi cha punje ya mchele. Kwa wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Afundishwe kutema na asiwe mwenye kuilamba, hasa katika sehemu za Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Singida, ambako maji ya baadhi ya visima yana floraidi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia. Huko ni vyema kumshauri daktari wa meno. Na mshika mswaki awe mzazi. Mtoto wa miaka minne hucheza na mswaki, hasafishi. Mkono wake hauwezi kazi hiyo vizuri mpaka afikie miaka saba au minane.

Mara moja kwa mwezi mlaze mtoto mapajani penye mwanga na uinue mdomo wake wa juu. Ukiona mstari mweupe kama chokaa kwenye jino karibu na fizi, hapo ndipo uozo unapoanzia, na hapo bado unaweza kurudishwa nyuma kwa floraidi na kwa kupunguza sukari. Ukiona kahawia au shimo, usingoje aumwe. Usitie mafuta ya taa, ugoro wala chochote kinachounguza. Mafuta ya karafuu hutuliza kwa muda lakini hayatibu.

Wazazi wengi huogopa daktari wa meno kwa kudhani kazi yake ni koleo. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa katika vituo vingi vya umma mtoto hufikishwa jino likiwa halina tena cha kuokolewa. Lakini zipo njia nyepesi. Mojawapo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980: daktari hukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, bila mashine ya kutoboa wala umeme, na mara nyingi bila sindano ya ganzi, kisha huziba shimo kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kulitolea floraidi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa dunia nzima, nayo hutumika hadi leo. Iko pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa juu ya uozo na kuusimamisha. Iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo. Dawa hii huliacha jino na weusi. Si kila kliniki inayo, lakini mzazi ana haki ya kuulizia zote mbili.

Binti yetu wa Temeke alifikishwa kwa daktari wa meno siku tisa baada ya ustadhi kubisha hodi. Gego lililokuwa likimwamsha usiku ling'olewa, magego mawili yaliyokuwa na matundu madogo yakazibwa, na vile vipande vya mbele vikapakwa dawa. Daktari akamwomba mama amfunue mdomo na mdogo wake wa kiume aliyekuwa mgongoni, mwenye mwaka mmoja na miezi miwili, akaukuta ule mstari mweupe kwenye meno yake mawili. Chupa ya usiku iliondolewa nyumba ile siku hiyo hiyo, na mama anasema usiku tatu za mwanzo hazikuwa rahisi.

Mtoto amerudi safu ya mbele. Mahindi ya kuchoma anayala kwa kupukuchuliwa. Herufi ya thaa bado haijakaa sawa, wala dhaal, na haitakaa mpaka meno ya mbele ya ukubwani yaote, yaani miaka miwili au zaidi ijayo. Ustadhi anasema katika muda huo herufi hizo hamkosoi.